Kuondoa uplastiki kwenye magari ya reli ya mfano

Gari la mfano, yaani lile dogo la kupamba barabara za mandhari ya reli ya mfano, likitoka kwenye boksi lake huja na makosa matatu: linang'aa kupita kiasi, halina uzito, na haionekani limetoka wapi. Kosa la kwanza linatibika kwa vanishi tu. Hayo mawili mengine ndiyo yanayofanya gari lionekane kama kidude kilichosahaulika kando ya reli, na ndiyo yatakayokula muda wako mwingi.

Mandhari tunayoifuata hapa ni kivuko cha barabara kwenye reli ya zamani, iwe Reli ya Kati au TAZARA, kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kitu halisi. Tumeichagua makusudi. Njia ya SGR kwa sehemu kubwa imezungushiwa uzio na barabara hupita juu au chini yake, kwa hiyo picha ya malori kupanga foleni yakisubiri treni ipite bado ni ya reli ya zamani. Upande wa vipimo pia mambo ni mepesi: Reli ya Kati yenye upana wa mita moja kwa 1:87 inatoka milimita 11.5, na ya TAZARA yenye milimita 1,067 inatoka 12.3. Zote mbili hujengwa kwa njia ya kiwandani ya milimita 12, na hakuna jicho litakalodai tofauti. Na ukishakaa kwenye 1:87 unafunguliwa ghala zima la magari ya mfano ya viwanda vya Kijerumani: Herpa, Wiking, Brekina, Busch. Scania za Herpa ziko nyingi, na Scania ndiyo lori ambalo msomaji wa Tanzania hahitaji picha ili kulikumbuka.

Pima kwanza, nunua baadaye

Maandishi "HO", jina la kipimo cha 1:87, kwenye boksi si dhamana. Chukua rula yenye milimita na upime umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kisha linganisha na gari lenyewe. Land Rover fupi ya zamani inaitwa 88 kwa sababu umbali huo ni inchi 88, yaani milimita 2,235. Gawanya kwa 87, upate 25.7. Gari hilohilo kwa kipimo cha Waingereza cha 1:76 lina milimita 29.4, na kwa 1:64 linakaribia 35. Peugeot 404 ina mita 2.65 kati ya magurudumu, kwa hiyo ya 1:87 iwe na milimita 30.5. Vigari vya dukani vya watoto usiviamini hata kidogo. Vipimo vyake hunyooshwa au kufinywa ili kila gari liingie kwenye pakiti ileile, na ndiyo maana basi na gari dogo la abiria hutoka na urefu unaokaribiana.

Kama tayari umenunua gari la 1:76, si lazima ulitupe. Liweke peke yake kwenye ukingo wa mbele wa meza, mbali na magari mengine. Yale madogo ya 1:150 au 1:160 yanafaa nyuma kabisa, juu ya kilima, ambako udogo wake utasomeka kama umbali. Linaloharibu ni kuweka vipimo viwili bega kwa bega. Mtu wa mita 1.70 ni milimita 19.5, msimamishe kando ya mlango. Paa la Land Rover ya bodi ngumu linampita kichwa. Likimfikia kifuani, gari ni la kipimo kingine.

Kulifungua bila kulivunja

Magari ya plastiki ya 1:87 hayana skrubu. Chesisi hushikwa na vimeno vidogo karibu na bampa ya mbele na ya nyuma. Liloweke gari kwenye maji ya moto kiasi cha kuoga kwa dakika tatu ili plastiki ilainike, kisha penyeza kijiti cha meno kati ya bodi na chesisi, upande wa nyuma kwanza. Usitumie bisibisi, itaacha alama isiyofutika. Vioo huwa ni kipande kimoja angavu kilichojikunja ndani ya paa. Kisukume kwa kidole kutoka nje kuingia ndani. Magari ya chuma hufungwa kwa ribiti. Itoboe kichwa chake kwa keekee ya milimita 3, taratibu, mpaka kichwa kikatike.

Osha vipande vyote kwa sabuni ya vyombo na uvianike juu ya karatasi. Mafuta ya vidole na ya kiwandani ndiyo sababu namba moja ya rangi kubanduka baada ya wiki mbili.

Dereva, na upande wa usukani

Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: magari yametengenezwa kwa barabara za Ujerumani, usukani uko kushoto, halafu yanawekwa kwenye barabara ya Afrika Mashariki. Ukate usukani kwa wembe kwenye shina lake, uuhamishie kulia, ubandike kwa tone la supaglu lililochukuliwa na ncha ya sindano. Kwenye kabati la lori, yaani chumba cha dereva, hutahitaji kugusa dashibodi, kwa kuwa kutoka nje haionekani. Kwenye gari wazi itabidi uikate na kuigeuza.

Gari lililo katikati ya barabara bila dereva ni gari lililotelekezwa. Watu wa kukaa wanauzwa, ila miguu yao karibu kila mara ni mirefu mno kwa nafasi iliyopo. Wakate kiunoni, hakuna atakayechungulia chini ya dirisha. Kwenye lori weka wawili, dereva na utingo, na mkono wa mmoja utoke dirishani. Viti vipake kijivu cha moshi au kahawia, kwa sababu plastiki nyeusi ya ndani hugeuza kabati kuwa shimo. Supaglu uiweke mbali na vioo: mvuke wake huviachia ukungu mweupe. Bandika ya ndani yote, acha usiku kucha, na vioo uvirudishe baada ya vanishi.

Matairi ndiyo uzito

Gari la kweli limekandamiza barabara. Gari la mfano linaigusa kwa ncha ya duara, na hewa inaonekana pembeni. Tairi la lori la mita moja kwa 1:87 lina kipenyo cha milimita 11.5. Likibeba mzigo, sehemu inayogusa lami hubonyea sentimita mbili au tatu, yaani milimita 0.23 hadi 0.35 kwenye mfano.

Bandika magurudumu yasizunguke, mawili ya mbele yakiwa yamekata kidogo kulia au kushoto kama gari linatoka kwenye maegesho. Gundi ikikauka, weka msasa namba 400 juu ya kioo au kigae kilichonyooka, simamisha gari juu yake, ulisugue mbele na nyuma mara kumi bila kukandamiza. Geuza uangalie: kila tairi liwe na kibapa kidogo cha ukubwa uleule. Kama tairi moja halina, chesisi imepinda, na hapo irudishe kwenye maji ya moto uinyooshe juu ya kioo. Usiendelee kusugua hadi matatu mengine yaishe. Magari yanayotembea yenyewe kwa sumaku na waya ulio chini ya barabara, kama yale ya Faller, hayahusiki na hatua hii.

Lori lililobeba shehena liinamishe nyuma. Panua tundu la ekseli kuelekea juu kwa milimita 0.4 tu, na kabla ya kubandika hakikisha tairi halijagusa madigadi. Trela tupu liache lilivyo. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini malori mawili yakipishana, moja limejaa na lingine linarudi tupu, jicho linaisoma bila kuambiwa.

Nyeusi ya tairi iondoe. Mpira uliotembea ni kijivu cheusi: rangi nyeusi sehemu tatu, kijivu sehemu moja, tone la kahawia. Rimu zinazometa zipake kijivu, isipokuwa gari ni jipya la mwenye nalo.

Mistari ya milango, taa na namba

Rejesha bodi peke yake, bila vioo. Changanya rangi ya akriliki sehemu moja kwa maji sehemu kumi, na tone la sabuni ya vyombo ili mchanganyiko utiririke usijikusanye kama umande. Gusa mstari wa mlango kwa brashi namba 000 na mchanganyiko utakimbia wenyewe. Kwenye gari jeupe tumia kijivu cha kahawia. Nyeusi italifanya lionekane limechorwa kwa kalamu. Kwenye jekundu tumia kahawia iliyokolea. Ya ziada ifute kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo, ukivuta kutoka juu kwenda chini, kama mvua inavyoshuka.

Taa za nyuma zipake fedha kwanza, kisha nyekundu angavu juu yake. Ukipaka nyekundu moja kwa moja juu ya plastiki itakuwa doa tu. Taa za mbele zilizochorwa juu ya bodi zitoboe kwa kina cha nusu milimita, weka fedha, kisha tone la gundi nyeupe ya mbao. Itakauka angavu na yenye kibiongo kama kioo cha taa.

Namba hubadilisha nchi ya gari. Kibao cha nusu mita ni karibu milimita 6. Tanzania, gari binafsi lina kibao cha njano na la biashara kibao cheupe, mpangilio ukiwa T, tarakimu tatu, herufi tatu. Kenya, cheupe huwa mbele na cha njano nyuma. Zichapishe kwa printa ya leza, kwa sababu wino wa printa ya kawaida utayeyuka ukigusa vanishi ya maji. Kabla ya kukata, paka vanishi juu ya karatasi. Baada ya kukata, pitisha kalamu nyeusi kwenye kingo, la sivyo weupe wa karatasi utaonekana kama fremu. Kama mandhari yako ni ya Kenya baada ya Februari 2004, matatu bila mstari wa njano ubavuni ni kosa la kisheria hata likiwa na urefu wa sentimita sita.

Vanishi, na unyevu wa pwani

Vanishi isiyong'aa ndiyo inayoua uplastiki. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, safu mbili nyembamba badala ya moja nzito, ukianza kupuliza nje ya gari na kumalizia nje ya gari. Vioo visiwepo.

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, usipulize asubuhi na mapema wala baada ya mvua. Kiyeyusho kikiruka kinapoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na gari jekundu linageuka la waridi lenye ukungu. Subiri saa nne au tano za mchana, siku kavu, na kopo liwe limekaa kwenye maji ya vuguvugu dakika tano. Si ya moto, maana kopo lenye shinikizo linaweza kupasuka. Ukungu ukishatokea, acha gari likauke kabisa, puliza safu nyepesi ya vanishi inayong'aa siku ya jua, na mara nyingi weupe utayeyuka. Kisha rudia ile isiyong'aa.

Si kila gari liwe butu kwa kiwango kimoja. Teksi inayofutwa kila asubuhi iachie mng'ao kidogo kwenye boneti.

Vumbi lina asili yake

Hapa watu wengi huharibu kazi nzuri, kwa kupaka uchafu kila mahali sawasawa. Vumbi hutupwa na magurudumu. Linaanza chini na kupungua kadiri unavyopanda, linajaa nyuma ya kila gurudumu, na nyuma ya gari linakuwa zito kuliko ubavuni kwa sababu gari linapokimbia hewa hujizungusha nyuma yake na kuvuta vumbi lilirudie. Mbele kunapata wadudu na mawe zaidi ya vumbi. Mshikio wa mlango husuguliwa na mikono, na ngazi ya kabati husuguliwa na viatu. Hizo ziache safi.

Rangi ya vumbi iwe ile ya barabara ya mandhari yako. Udongo wenyewe unafaa: uanike, uupitishe kwenye chujio la chai, kisha kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Halafu, na hatua hii usiiruke, funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki uipitishe juu ya unga wote. Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Sumaku ikiinuka na ndevu, jua chembe hizo zingeishia kwenye mota ya treni yako. Zitoe, upitishe tena, na kama zinaendelea kuja, achana na udongo huo utumie chaki za pasteli zilizosagwa kwa msasa.

Kwa Scania iliyotoka barabara ya vumbi, fanya hivi. Kata vipande viwili vya utepe wa karatasi kwa umbo la pinde zinazofagiwa na waipa, uvibandike juu ya kioo cha mbele. Chovya brashi laini kwenye unga, kung'uta, kisha gonga-gonga bodi ukianzia chini. Usisugue. Ubavu wa trela upate theluthi ya chini tu, madigadi ya nyuma yapate mara mbili. Tone la spiriti ya hospitali kwenye kona za chesisi litaufanya unga ushike na kuganda kama tope kavu, lakini jaribu kwanza chini ya gari, maana spiriti hulainisha rangi za akriliki. Ukibandua karatasi ya kioo, zile pinde mbili safi zitabaki, na lori litakuwa limetembea.

Ukipuliza vanishi juu ya vumbi, karibu nusu yake itatoweka, kwa sababu chembe zikilowa huacha kuonekana. Ama weka zaidi ya unavyotaka, ama usipulize kabisa na ulishike gari chini ya chesisi.

Kutu nayo ina sheria. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, kwa hiyo mkwaruzo wake ni wa kijivu cha chuma, kamwe si wa kahawia. Chesisi na fremu ya mbele ya kioo ni za chuma, na ndizo zinazooza. Kwenye trela weka kutu sakafuni na kwenye kingo za kuta za pembeni, mahali mizigo inapogonga, kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kilichochovywa rangi na kufutwa mpaka karibu kikauke.

Mzigo na turubai

Trela la futi 40 lina urefu wa milimita 140 na upana usiozidi 29. Chonga kipande cha foamu chembamba kidogo kuliko sakafu, juu yake bandika vijiviringo vya udongo wa epoksi vya milimita 11 kwa 6, ambavyo ni magunia. Turubai ni tishu ya kawaida. Itenganishe tabaka zake, utumie moja. Ilaze, kisha iloweshe kwa brashi yenye gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu. Ukiichovya kwanza itakuchanikia mkononi. Isukume ili magunia yajichore kwa chini. Ikikauka, ipake buluu iliyofifia au kijani, kisha mikunjo ya juu iguse kwa rangi hiyohiyo iliyotiwa nyeupe kidogo.

Kamba ni uzi wa kushonea wa poliesta uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa ili manyoya yalale. Uzi wa pamba haufai, utaonekana kama mkonge uliofumuka. Dumu la lita 20 kwenye kipimo hiki ni kama milimita 4.5 kwenda juu. La njano, lifungwe nyuma ya kabati. Moja linatosha. Mandhari nyingi zimejaa madumu na kuku hadi lori linaonekana kama katuni.

Kuyapanga barabarani

Upande wa kushoto, na yasiwe na nafasi sawa kati yao. Kwenye kivuko, la kwanza limesimama mbali kidogo na reli, la pili limelisogelea, bodaboda amepenya pembeni hadi mbele ya wote. Magari manne yanatosha kwa kivuko kidogo. Pima nafasi ya treni kwa kupitisha behewa lako pana kuliko yote, hasa kwenye kona, kabla gundi haijashika. Bandika kwa vitone viwili vya gundi nyeupe chini ya matairi. Ukitaka kulitoa utapitisha wembe bila kuharibu lami.

Lori lililoharibika ni pambo zuri kuliko yote kando ya barabara. Jiwe la milimita 3 nyuma ya gurudumu, matone ya mafuta meusi chini ya injini, na nyuma yake, hatua kadhaa, matawi ya majani yaliyotandazwa lamini. Tumia majani makavu yaliyosagwa na kupakwa kijani, si yale ya plastiki.

Mwisho weka simu chini kabisa, kamera ikiwa milimita 18 kutoka lamini, ambako macho ya mtu wa 1:87 yangekuwa, upige picha ukiielekeza kwenye dirisha. Mwanga ukipita kati ya tairi na lami, toa gari, rudi kwenye msasa.